Mama wa Mfukoni

Kila asubuhi Rodica aliingia darasani kabla ya mwalimu. Aliingia kwa sikio tu, maana mwili wake ulikuwa Padova, Italia, jikoni kwa Bi Ines, ukichemsha maziwa na kulowanisha biskuti kwa ajili ya kizee asiye na meno. Darasa lenyewe lilikuwa mbali, Stejarova, kijijini kwao Moldova. Humo alikaa binti yake Malina, na katika mfuko wa sweta ya Malina ilikaa simu iliyo hewani. Rodica aliegemeza simu yake kwenye bakuli la sukari, akaendelea na kazi zake, na darasa la tano likaendelea pale mezani katikati ya vikombe.

Mambo yalianza vuli, shule zilipofunguliwa, Malina alipolia kwamba hataki kwenda peke yake. "Basi niache hewani," Rodica akamwambia. "Nitakuwa nawe. Sitasema neno." Malina akawa anafunga sauti upande wake, mama asikie bila kusikika. Tangu hapo Rodica akawa mwanafunzi wa ajabu: hayupo, lakini hakosi kipindi hata kimoja.

Alilijua darasa lile kuliko chumba alicholala. Alijua mlango unavyolia, alijua kuni mbichi zinavyolalamika ndani ya jiko la pembeni, alijua nani ana mafua na nani anakula mbegu za alizeti chini ya dawati. Mwalimu Zinaida alipochoka alisema, "Watoto, Mungu anawaona," kisha akapuliza chai yake. Malina alipoitwa kujibu, Rodica alisimama wima na kijiko mkononi, kana kwamba ameitwa yeye.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya kuvuna. Wanawake wa Stejarova na vijiji vya jirani walikutana kwenye uwanja wa maegesho nje ya mji, ambako mabasi madogo yalipakia vifurushi vya kwenda nyumbani: mafuta, kahawa, sabuni, viatu vya watoto vilivyokadiriwa kwa kumbukumbu. Wote walikuwa kama Rodica, wanaosha wazee wa watu na kuacha watoto wao kwa bibi. Hapo Rodica, ambaye wiki nzima aliitwa kwa kengele ya kitandani, alikuwa mtu.

"Haya, Mama Malina, leta habari! Darasa la tano hawajambo?"

Naye angewapa. Wa fulani anakohoa, mwambie bibi yake amvalishe. Wa fulani amesoma vizuri, hakukwama. Damian wa Liuba amesimamishwa karibu na jiko kwa kumtia msichana theluji shingoni. Mwalimu, maskini, alilia juzi, akajifanya anafuta ubao. "Na wako je?" wangemuuliza. "Wangu hata humsikii," Rodica angejibu kwa fahari. "Mtulivu kama maji ya mtungini." Wakampa nafasi ya kukaa, wakamkatia mkate wa jibini, wakammiminia kahawa. Ulimi hauna mfupa, na ulimi wa Rodica ulikuwa umekaa siku sita bila kazi, kwa kuwa Bi Ines hakuwa msemaji.

*

Ijumaa ile, mwanzoni mwa Machi, darasa lilikuwa likijiandaa kwa sherehe ya akina mama. Kila mwaka tarehe nane watoto husimama mbele na kumsomea mama ubeti, naye mama hukaa mstari wa kwanza akifuta machozi. Siku hizi mstari wa kwanza ulijaa vitambaa vya kichwa vya mabibi.

"Malina," Mwalimu Zinaida aliuliza, "kwenye kiti chako atakaa nani?"

Kabla Malina hajafungua kinywa, sauti ya Damian ikadakia. "Kiti cha nini, Mwalimu? Huyu mama yake anakaa mfukoni!"

Darasa likaangua kicheko. Mmoja akarudia, "Mama wa mfukoni! Mama wa mfukoni!" na madawati yakapigwa. Kule Padova kijiko kilimponyoka Rodica. Hakufikiri. Damu ilimpanda, na maneno yakatangulia akili.

"We Damian! Huna haya! Mamako analia kila Jumapili kwa ajili yako, analia mbele za watu, na wewe umekaa hapo unawacheka wenzio!"

Jana yake usiku Bibi Agafia, mama yake Rodica, ambaye masikio yake ni mazito, alikuwa ameongea na bintiye na kufungulia sauti ya simu mpaka mwisho. Asubuhi Malina hakukumbuka kuifunga. Kwa hiyo maneno yale yalitoka mazima mazima mfukoni mwa mtoto, yakalijaza darasa kama tangazo la msikitini. Kicheko kikakatika. Kiti kikaanguka, mtu akakimbia, bila shaka Damian, mlango ukalia kwa namna Rodica aliyoijua sana.

"Nani amesema?" Mwalimu aliuliza.

"Ni mama," Malina akasema, sauti haisikiki vizuri.

"Mama yako amepiga simu katikati ya kipindi?"

"Hajapiga, Mwalimu. Yupo tu."

"Yupo kila siku, Mwalimu," akasema mwingine huko nyuma. "Sisi wote tunajua."

Rodica alisikia nguo ikikwaruza, hatua nzito, kisha kimya cha ukumbini. Alijua sasa simu iko mkononi mwa Zinaida.

"Mama Malina."

"Shikamoo, Mwalimu."

"Uko darasani kwangu tangu lini?"

Rodica alitaka kudanganya, akashindwa. "Tangu vuli."

Mwalimu hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililouma. "Siku ile baada ya kumzika dada yangu, nilipowageuzia watoto mgongo. Ulisikia?"

"Nilisikia. Pole, Mwalimu, niliku..."

"Na ukasimulia. Kwa sababu wiki iliyofuata mkuu wa shule aliniita akaniuliza kama akili yangu ni timamu, eti wazazi wa Italia wana wasiwasi. Nikawachukia majirani zangu bure, Mama Malina, nikidhani ni wao. Mwezi mzima sikuwasalimu."

Nyuma ya Rodica, Bi Ines aligonga meza akitaka biskuti yake, maziwa yakimtiririka kidevuni.

"Jumatatu kutakuwa na kikao cha wazazi," mwalimu akasema. "Simu zote zitaingia kwenye boksi asubuhi, zitatoka mchana. Siku ya sherehe pia. Njoo useme lako, kama unalo."

Simu ikakatwa. Rodica akahisi kama mtu aliyetolewa nje ya nyumba yake akiwa amevaa kandambili.

*

Jumapili alifika uwanjani mapema. Habari zilikuwa zimemtangulia, maana kwa Wamoldova habari haihitaji basi. Wenzake walimpokea kwa kelele za kumtia moyo.

"Usikubali, Mama Malina! Wakifunga simu yako wametufunga sisi wote masikio."

"Muulize huyo mwalimu ana siri gani asiyotaka tuijue!"

"Mimi mwanangu ukimuuliza anasema 'nzuri' tu. Ningejuaje kama anakohoa?"

Rodica aliwasikiliza kwa nusu tu. Alikuwa akimtafuta Liuba. Akamwona amesimama peke yake karibu na basi, kifurushi miguuni, hajajiunga na duara. Akamwendea.

"Mama Damian."

"Umemwambia nalia." Liuba hakumtazama.

"Alimtukana Malina. Nilikasirika, dada yangu, nilisahau..."

"Kila nikimpigia namwambia hapa ni raha. Namwambia kikongwe wangu ananipenda, nina chumba chenye dirisha. Nimemtumia picha nimesimama kwenye bustani ya watu, nikasema ndiko kwetu." Liuba aliinua kifurushi akamkabidhi dereva, kisha akafuta mikono kwenye koti. "Kwako wewe nilikuwa nalia kwa sababu wewe ni mtu mzima. Jana amenipigia mwenyewe. Mtoto wa miaka kumi na mmoja! Ananiambia, 'Mama, rudi, baiskeli uliyoniahidi sitaki tena.' Nimjibu nini?"

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Ila Jumapili ijayo usiniletee habari."

Akaondoka kwa miguu kuelekea kituo cha tramu. Mdomo huponza kichwa, wahenga walisema. Hawakusema kwamba wakati mwingine huponza kichwa cha mtoto wa mwenzio. Rodica alirudi kwenye duara, akakatiwa mkate wa jibini kama kawaida, akaushika bila kuuonja.

Hata hivyo hakuwa tayari kuachia. Kosa alilijua, lakini alilipima na ule upweke wa jikoni, na upweke ukawa mzito zaidi. Njia nzima ya kurudi alijipangia maneno. Hatasimulia tena, ataapa mbele ya wote. Atafunga mdomo, ila sikio wamwachie. Mama gani anayenyimwa kumsikia mwanawe?

*

Kikao cha kupiga marufuku simu kilifanyika kwa simu. Isingewezekana vinginevyo: darasani waliketi mabibi sita na baba mmoja aliyevunjika mguu, na wazazi wengine wote walikuwa juu ya madawati, ndani ya vioo, kutoka Padova na Dublin na Paris na Moscow. Kila mmoja akizungumza, sauti yake ilitoka kwenye simu yake na kurudi kupitia simu za wenzake, mpaka Mwalimu Zinaida akashika kichwa.

"Mmoja mmoja, ndugu wazazi! Dublin, tafadhali, zima hiyo mashine ya kufulia!"

Malina alikuwepo, kwa sababu Bibi Agafia hakuweza kushika simu bila kubonyeza kisichobonyezwa. Kwa hiyo Rodica alihudhuria akiwa mkononi mwa bintiye. Aliona kidogo: dari, taa, ncha ya nywele zilizosukwa. Zamu yake ilipofika, alikohoa.

"Mwalimu, wazazi wenzangu, nimekosa. Mbele ya bibi zetu hapo naapa sitasimulia tena neno la darasani. Naomba jambo moja tu. Sheria iwepo, lakini mtoto ambaye mama yake yuko nje aruhusiwe kuwa na mama yake. Kwa sauti tu. Mimi sina kingine."

"Nina watoto kumi na wanne," mwalimu akajibu. "Kumi mama zao wako nje. Nifundishe watoto kumi na wanne, au watu ishirini na wanne?"

Kicheko kikapita kwenye vioo. Kisha mabibi wakaanza. Mmoja alisema zamani walimsomesha mtoto bila simu na akajua kusoma. Bibi Agafia akapaza sauti, kama wasikiao kwa shida wanavyopaza: "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi! Mwacheni binti yangu asikilize, anamdhuru nani?" Baba wa mguu akasema yeye hataki mwanawe asikilizwe na mtu wa Italia asiyemjua. Liuba alikuwa kwenye kikao, jina lake lilionekana, lakini alikuwa amefunga sauti.

Mwalimu Zinaida alikaa. Alipuliza chai ambayo huenda ilikwisha kupoa.

"Nimechoka kubishana na watu nisiowaona. Tufanye hivi. Boksi liwepo. Mzazi anayetaka simu ya mwanawe ibaki hewani, nitamruhusu, ilimradi mtoto mwenyewe atake. Mama Malina ameomba. Malina, unasemaje?"

Moyo wa Rodica ukatulia. Alijua ameshinda. Nani mwingine aliyelia vuli ile kwamba hataki kwenda peke yake?

"Naomba iingie kwenye boksi," Malina akasema.

Kwanza Rodica alidhani mtandao umekatika. "Mwanangu, hebu sema tena. Usiogope watu. Sema unavyotaka."

"Iingie kwenye boksi, Mama."

"Lakini ni mimi, Malina. Ni mimi tu."

Simu ilitikisika, dari ikahama, na kwa mara ya kwanza jioni ile uso wa mtoto ukajaa kwenye kioo. Haukuwa na machozi. Ulikuwa umechoka, kama wa mtu mzima anayerudi kazini.

"Nikikaa karibu na mtu, ananyamaza," Malina akasema. "Vera alikuwa anakaa na mimi. Akaniambia siri yake, ya baba yake. Mimi sikumwambia mtu. Ila wewe ulisikia. Jumatatu mama yake akampigia. Tangu siku hiyo hakai na mimi. Hakuna anayekaa na mimi. Wakati wa mapumziko wakiniona wanasema, 'Tulieni, Italia inakuja.'"

Kwenye vioo watu waliinamisha macho. Hata Dublin.

"Mbona hukuniambia?" Rodica aliuliza, na mara tu alipouliza akajua hataki jibu.

"Ulikuwepo, Mama. Kila siku. Nilidhani unasikia."

Rodica alikumbuka asubuhi zote zile. Alikuwa amesikia, ndiyo. Alisikia kelele za wenzake kwa mbali na kimya kwa karibu, kimya kizuri kilichozunguka ule mfuko wa sweta, na alikwenda nacho uwanjani akajitapa nacho: wangu hata humsikii. Kumbe alichokuwa akikisikiliza tangu vuli kilikuwa ni upweke wa mwanawe, na yeye ndiye aliyeuleta.

Aliona aibu, aibu ambayo hakuipata hata siku ya kwanza alipomvua nguo mzee wa watu. Akatamani aseme kitu, akaona kila kitu kitasikika na watu wote.

"Iingie," akasema. "Mwalimu, iingie kwenye boksi."

*

Asubuhi iliyofuata maziwa yalichemka kama kawaida. Simu iliegemea bakuli la sukari kwa mazoea, kioo chake cheusi. Rodica alijikuta akitembea kwa kunyata, kisha akakumbuka hakuna darasa la kusumbua. Alisikia friji. Alisikia saa ya ukutani ambayo hakuwahi kujua kwamba ina sauti. Alisikia Bi Ines akimeza.

"Watoto wanaumwa?" Bi Ines aliuliza ghafla, kwa Kiitaliano chake kilichochakaa.

"Watoto gani, Bi Ines?"

"Wale wa hapa." Kizee alionyesha meza kwa kidole kilichopinda. "Kila siku wanapiga kelele. Leo hawapo."

"Wako shule," Rodica akasema. Akageukia sinki, akafungua maji mengi kuliko yaliyohitajika, akalia wakati anaosha kikombe kimoja. Hakulia kwa kuonewa. Alilia kwa sababu siku ilikuwa ndefu na haikuwa na mtu ndani yake, na aliyekosekana asingerudi kwa kuitwa.

Alimwogesha Bi Ines, akambadilisha mashuka, akamkata kucha. Alipika supu. Mchana, boksi lilipofunguliwa, hakupiga. Alijizuia. Alifikiri mtoto atapiga mwenyewe, akafikiri hatapiga, akapanga la kumwambia, akalipangua. Jua lilikuwa linaanza kushuka nyuma ya majengo simu ilipolia. Aliipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Malina!"

"Mama, hujambo?"

"Sijambo, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Bibi amesonga ugali na maziwa mgando."

Swali lililofuata lilikuwa geni kinywani mwa Rodica. Tangu mtoto aanze darasa la tano hakuwa na haja nalo. Lilimtoka kwa woga, kama mgeni anayebisha hodi.

"Shule imekuwaje?"

"Nzuri."

"Nzuri vipi?"

"Nzuri tu, Mama."

Nyuma ya sauti ya Malina kulikuwa na upepo, na mbwa, na mtoto mwingine akiita jina lake kwa kurefusha, "Maliiina, njoo, giza linaingia!" Rodica alikaza sikio. Alijua sauti zote za darasa lile, na hii aliijua.

"Huyo si Vera? Amesema nini? Mmeongea? Na Damian je, leo ame..."

"Mama."

Neno moja tu, bila hasira, na Rodica akauma ulimi.

"Haya," akasema. "Haya, nimekoma."

"Tunakwenda kuteleza mlimani kabla theluji haijaisha."

"Umevaa glavu?"

"Nimevaa. Kwaheri, Mama. Nitakupigia kesho."

Mtoto akakata. Kila siku aliyekata alikuwa Rodica, kengele ya kitandani ikimwita, na Malina akilalamika, bado kidogo, Mama, bado kidogo. Rodica alikaa na simu mkononi, ingali na joto. Alifurahi, na furaha ile ilimuuma kwa sababu haikuwa na nafasi yake ndani.

Bi Ines alikuwa akimtazama kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu.

"Nani huyo?"

"Mwanangu."

"Anasema nini?"

Rodica alifungua kinywa kama alivyofungua kila Jumapili, akatafuta habari ya kutoa.

"Anasema shule ni nzuri," akajibu, na hakuwa na jingine la kuongeza.